Pande na pembe za pembetatu: mambo ya kushika mapema

Ukikutana na mada hii mara ya kwanza utadhani umepewa maksi za bure. Kanuni zake zinasemeka kwa pumzi moja: upande mrefu hukabili pembe kubwa, upande mfupi hukabili pembe ndogo, na pande mbili zozote ukizijumlisha zinauzidi wa tatu. Halafu swali linakuja limegeuzwa kidogo tu, na waliokariri kanuni neno kwa neno ndio wanaoteleza. Nimefundisha mada hii na kusahihisha karatasi zake kwa muda mrefu. Makosa ninayokutana nayo ni yaleyale, na karibu yote yanatokana na kuipeleka kanuni mahali ambapo haifiki.

Kwanza, jua nani anamkabili nani. Pembe inayokabili upande ni ile isiyougusa. Katika pembetatu ABC, upande BC unakabiliwa na pembe A, kwa sababu herufi A haimo kwenye BC. Upande AC unakabiliwa na B, na AB unakabiliwa na C. Tafuta herufi inayokosekana, basi. Usitegemee macho, maana mchoro wa swali si lazima uwe umechorwa kwa kipimo. Mara nyingi pembe iliyoandikwa nyuzi 58 huonekana pana kuliko iliyoandikwa nyuzi 64, na aliyechora hana kosa. Namba zilizoandikwa ndizo zinazohesabika.

Pili, kanuni hii inataja mpangilio tu. Haisemi pembe ikiwa mara mbili ya nyingine basi na upande nao utakuwa mara mbili. Chukua pembetatu yenye pembe za nyuzi 30, 60 na 90. Pembe zake zinakwenda 1, 2, 3. Pande zinazozikabili zinakwenda 1, kipeuo cha pili cha 3 (yaani takribani 1.73), na 2. Pembe kubwa ni mara tatu ya ndogo, lakini upande mrefu ni mara mbili tu ya mfupi. Ukitaka kujua urefu hasa, utahitaji sini na kosini, na hiyo ni mada nyingine. Hapa unaruhusiwa kusema "mrefu kuliko" na "mfupi kuliko", basi.

Sasa nije kwenye mtego unaoangusha watu wengi kuliko yote niliyowahi kuona. Una pembenne ABCD iliyokatwa na ulalo BD, hivyo kuna pembetatu mbili zinazoshirikiana upande mmoja. Katika pembetatu ABD, pembe A ni nyuzi 60, pembe ABD ni nyuzi 65, na pembe ADB ni nyuzi 55. Katika pembetatu BCD, pembe C ni nyuzi 50, pembe CBD ni nyuzi 70, na pembe CDB ni nyuzi 60. Swali: kati ya mistari yote mitano, upi ni mfupi kuliko yote?

Mwanafunzi mwenye haraka anapitisha jicho kwenye pembe sita, anaona 50 ndiyo ndogo kabisa, anatazama inakabili nini, anaandika BD. Amekosa. Nyuzi 50 zina amri ndani ya pembetatu BCD peke yake. Humo BD ni mfupi kweli. Lakini BD huyohuyo akihamia pembetatu ya pili anakabiliwa na nyuzi 60, na humo kuna pembe ndogo zaidi, ile ya nyuzi 55 inayokabili AB.

Fanya hivi. Andika mpangilio wa kila pembetatu kivyake. Kwenye ABD, pembe zinakwenda 55, 60, 65, kwa hiyo AB < BD < AD. Kwenye BCD zinakwenda 50, 60, 70, kwa hiyo BD < BC < CD. Upande wa pamoja, BD, ndio daraja. AB ni mfupi kuliko BD, na BD ni mfupi kuliko vyote vya upande wa pili, hivyo AB ndio mfupi kuliko yote mitano. Sasa nikikuuliza upi mrefu kati ya AD na BC, jibu sahihi kwa kanuni hii ni kwamba haiwezekani kusema. Zote mbili zinaizidi BD, lakini hakuna kinachozilinganisha zenyewe kwa zenyewe. Ukipiga hesabu kwa sini utaona BC inaizidi AD kidogo, ila hiyo ni kazi ya sini. Mtu anayejua kusema "hapa kanuni hainitoshi" nampa heshima kuliko anayebahatisha akapata.

Kwa hiyo jenga tabia ya kutaja pembetatu kabla ya kutaja ukubwa: "katika pembetatu ABD, ..." Maneno hayo machache yanakuzuia kuruka ukuta bila kujua.

Wengi huniuliza kama kuna haja ya kujua uthibitisho. Ipo, na huu ni mfupi kuliko watu wanavyouogopa. Chukua pembetatu ABC ambayo AC ni ndefu kuliko AB. Tunataka kuonyesha kwamba pembe B, inayokabili AC, ni kubwa kuliko pembe C. Weka ncha ya bikari kwenye A, ipanue ifike B, kisha izungushe mpaka ikate AC. Nukta hiyo iite D. Kwa kuwa AB ni fupi kuliko AC, D imeangukia katikati ya A na C, haikutoka nje. Unganisha B na D. Pembetatu ABD sasa ni pembetatu pacha, pande AB na AD ziko sawa, kwa hiyo pembe ABD na ADB ni sawa. Lakini ADB ni pembe ya nje (inayopatikana upande CD ukirefushwa kupita D) ya ile pembetatu ndogo BDC, na pembe ya nje ni kubwa kuliko kila moja ya pembe mbili za ndani zilizo mbali nayo. Basi ADB inaizidi C. Na pembe nzima ya B inakizidi kipande chake ABD. Funga mnyororo: B > ABD = ADB > C.

Ichore kwa mkono wako mara moja, utaona jambo ambalo maelezo peke yake hayakuonyeshi: kazi yote imefanywa na ile nukta D. Tumeupunguza upande mrefu hadi ulingane na mfupi, tukapata pembetatu pacha, na pembetatu pacha ndiyo tunayoijua vizuri. Mbinu hii ya kukata au kurefusha ili kupata pande sawa itarudi tena na tena.

(Ile kanuni ya pembe ya nje, kwa njia, ni ya karatasi bapa. Juu ya uso wa tufe inavunjika. Chora pembetatu kutoka ncha ya kaskazini, mistari miwili iliyopishana nyuzi 90 ishuke hadi ikweta, na kipande cha ikweta kiwe upande wa tatu. Pembe zote tatu ni nyuzi 90, na pembe ya nje nayo ni nyuzi 90, haizidi kitu.)

Kinyume cha kanuni, kwamba pembe kubwa hukabili upande mrefu, hakihitaji mchoro mpya. Tuseme B ni kubwa kuliko C. AC ina njia tatu tu: iwe sawa na AB, iwe fupi kuliko AB, au iwe ndefu kuliko AB. Ikiwa sawa, pembe zingekuwa sawa. Ikiwa fupi, B ingekuwa ndogo kuliko C, kwa uthibitisho tuliomaliza sasa hivi. Imebaki njia moja. Euclid, mwanahisabati wa Kigiriki aliyefanya kazi Alexandria yapata mwaka 300 KK, aliziweka katika kitabu cha kwanza cha Elements, maandishi yake ya jiometri, kwa mpangilio huohuo: hoja ya 18, kisha kinyume chake ya 19, na mara tu baada ya hapo, ya 20, ile ya pande mbili kuuzidi wa tatu.

Mpangilio huo una sababu, maana hoja ya 20 inasimama juu ya ya 19. Refusha BA kupita A hadi nukta D, ili AD iwe sawa na AC. Pembetatu ACD ni pacha, kwa hiyo pembe ADC na ACD ni sawa. Pembe BCD ni kubwa kuliko kipande chake ACD, hivyo inaizidi pia pembe ya D. Ndani ya pembetatu BCD, basi, upande BD unauzidi BC. Na BD ni nini? Ni AB ukijumlisha AC. Proclus, mwanafalsafa wa karne ya 5 BK, anasimulia kwamba wafuasi wa Epicurus, mwanafalsafa wa Kigiriki, waliicheka hoja hii wakisema hata punda anaijua, kwani akiwekewa majani kwenye kona moja haendi kuyafuata kwa kuzunguka kona nyingine. Proclus aliwajibu kwamba kuona jambo ni kweli ni kitu kimoja, na kujua kwa nini ni kweli ni kingine. Mimi niko upande wa Proclus, ingawa punda naye simlaumu.

Kwenye maswali, kanuni hii hutumika zaidi ikiwa imegeuzwa: upande wa tatu uko kati ya tofauti ya pande mbili na jumla yake, bila kuigusa mipaka. Ukipewa 5 na 8, upande wa tatu ni zaidi ya 3 na pungufu ya 13. Namba nzima zinazofaa ni 4 hadi 12, ambazo ni tisa. Wengi huhesabu 3 na 13 pia. Upande ukiwa 13 kamili, pande za 5 na 8 zinalala chali juu yake. Hapo una mstari mmoja, pembetatu hakuna.

Swali linalopendwa sana na watunga mitihani: pembetatu pacha ina pande mbili za sentimita 4 na 9, tafuta mzingo. Ukikimbilia kutoa majibu mawili, 17 na 22, umepoteza maksi. Pande 4, 4 na 9 hazifungi, maana 4 na 4 ni 8. Imebaki 9, 9 na 4, na mzingo ni sentimita 22 tu.

Kama pande zote ni namba zinazojulikana, inatosha kujumlisha mbili fupi na kulinganisha na ndefu. Njia hiyo ya mkato usiibebe kwenye aljebra. Pande zikiwa x + 2, 2x − 1 na 10, hujui upi ni mrefu, kwa sababu inategemea x. Andika zote tatu. Ya kwanza, x + 2 na 2x − 1 zizidi 10, inatoa x > 3. Ya pili, x + 2 na 10 zizidi 2x − 1, inatoa x < 13. Ya tatu inatoa x > −7, ambayo haituongezei kitu. Jibu ni 3 < x < 13, na aliyeandika sharti moja tu amepata nusu yake.

Kuna mawili nayapitia haraka. Kama pembetatu mbili zina pande mbili zinazolingana na za mwenzake, ile yenye pembe kubwa kati ya pande hizo ndiyo yenye upande wa tatu mrefu. Panua bikari utaona ncha zake zikiachana. Kama hakuna upande wa pamoja wa kuwa daraja, hapa tu ndipo unaruhusiwa kulinganisha pembetatu mbili tofauti, na sharti la pande mbili kulingana usilisahau. La pili, ukitaka kujua pembe kubwa ni ya aina gani, linganisha mraba wa upande mrefu na jumla ya miraba ya zile mbili. Pande 6, 7, 9: 81 ni pungufu ya 85, pembe ni kali. Pande 6, 7, 10: 100 inaizidi 85, pembe ni butu. Zikilingana, ni pembe mraba.

Nakuachia swali moja linalotumia karibu kila kitu. Katika pembetatu ABC, AB ni 7 na AC ni 11. D ni nukta ya katikati ya BC. AD inaweza kuwa na urefu gani? Wengi hukwama kwa sababu AD iko ndani ya pembetatu ambazo hawajui pande zake. Irefushe AD kupita D hadi E, ili DE iwe sawa na AD. Pembetatu ADB na EDC zinalingana kabisa: BD na CD ni sawa, AD na ED ni sawa, na pembe za pale D zinatazamana. Kwa hiyo CE ni 7. Sasa tazama pembetatu ACE: pande zake ni 11, 7, na AE ambayo ni mara mbili ya AD. Mara mbili ya AD iko kati ya 4 na 18, hivyo AD iko kati ya 2 na 9. Jaribu mwenyewe kuchora AD ikiwa 8.9, uone BC inavyokuwa fupi na jinsi pembe ya A inavyobanwa.