Walitumikia au walitumikishwa?

SWALI: Natafsiri makala kuhusu Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861–1865). Wanaume weusi waliokuwa kambini na jeshi la Kusini (majimbo ya watumwa yaliyojitenga na Marekani) nimewaita "askari weusi waliotumikia Kusini". Mwenzangu anasema niandike "watumwa", basi. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwenzako, ila "watumwa" peke yake haielezi walikuwa wakifanya nini kambini.

Kilichokuponza hasa ni kitenzi. Mtu hutumikia nchi, hutumikia Mungu. Moyo wake umo. Ukisema ametumikishwa, nyuma yake yupo aliyemtia kazini. Wale waliochimba mahandaki, waliopika na kuendesha magari ya nyumbu walipelekwa na mabwana zao. Walitumikishwa.

"Askari" nalo linakwama, maana wakuu wa Kusini wenyewe walikataa kuwaita hivyo. Januari 1865 Jenerali Howell Cobb wa Georgia aliandika kwamba watumwa wakiwa askari wazuri, basi nadharia yote ya utumwa ni ya uongo. (Hapo alisema kweli bila kukusudia.) Bunge la Kusini liliruhusu kuwaandikisha watumwa jeshini tarehe 13 Machi 1865, na hata sheria hiyo haikuwapa uhuru. Wiki tatu baadaye Richmond, mji mkuu wa Kusini, ilianguka, wale wachache walioandikishwa wakiwa bado wanafunzwa gwaride.

Iko picha maarufu ya Silas Chandler, ameketi kando ya Andrew Chandler, askari mzungu wa Kusini, wote wamevaa sare na kushika silaha. Wengi huitoa kama ushahidi wa "askari mweusi wa Kusini". Silas alikuwa mtumwa wa familia ya Andrew. Ukiandika "mtumishi" chini yake, msomaji wa leo atamdhania ana mshahara. Kiswahili cha zamani kina "mtwana", mtumwa wa kiume, mwenzake mjakazi. Mimi ningelitumia bila kusita, ingawa siku hizi wengine hulisikia kama tusi.

"Mpagazi" usiliguse. Linatupeleka Vita Kuu ya Kwanza, kwa wale wabeba mizigo walioziachia Kariakoo na Kariokor majina, na hao hawakuwa mali ya mtu.

"Askari weusi" liweke kwa jeshi la Kaskazini la Rais Lincoln, walikokuwa takriban 180,000. Hawa wa Kusini waandike hivi: "watumwa waliotumikishwa katika kambi za jeshi la Kusini".