Mtetemo wa Mota ya Grainda Yenye Draivu: Zima Kwanza, Kisha Usikilize

Karakana yangu iko Shimanzi, Mombasa, na sehemu kubwa ya riziki yetu hutokana na kunoa: visu vya wachinjaji, patasi za maseremala na vyuma vya kukerezea. Nilipopata grainda ya kusimama ya faza tatu iliyokwisha kutumika, niliifurahia kwa sababu mota yake ilikuwa nzito na tulivu. Shida ni kwamba umeme unaoingia kwangu ni wa faza moja, volti 240. Kwa hiyo nilinunua draivu ndogo inayopokea faza moja na kutoa faza tatu, ambayo pia humwezesha fundi kuongeza na kupunguza kasi apendavyo. Siku nilipoiwasha kwa mara ya kwanza, kikombe cha chai kilichokuwa kwenye meza ya kando kilitembea chenyewe hadi ukingoni, kikaanguka.

Kwa muda wa wiki mbili niliilaumu draivu. Kila jioni nilifungua kijitabu chake, nikabadilisha mpangilio mmoja, nikawasha, nikatazama, nikabadilisha mwingine. Ninaandika haya kwa ajili ya yeyote aliye katika hali hiyo sasa hivi, kwa sababu njia niliyoifuata ilikuwa kinyume kabisa na ile iliyonipasa.

Aliyenionyesha njia ni mzee mmoja wa Changamwe aliyezifunga upya mota kwa miaka mingi. Alifika, akaiweka kiganja chake juu ya mota, akaniambia, "Mwanangu, ipandishe mpaka kasi yake yote, halafu ikatie umeme. Usiiguse. Sikiliza tu." Nami nikafanya hivyo. Mtetemo haukukatika pale umeme ulipokatika. Ulibaki, na kasi ilipokuwa ikishuka, ulizidi ghafla kwa sekunde mbili tatu, kisha ukapungua mpaka mawe yakasimama.

Jaribio hilo ndilo la kwanza kufanywa, na halihitaji kifaa chochote. Mtetemo unaotoweka papo hapo umeme unapokatwa chanzo chake ni cha umeme: faza iliyolegea, mipangilio isiyolingana na mota, au koili zilizoharibika. Ukiendelea huku mota ikizunguka kwa nguvu yake yenyewe, chanzo ni cha vyuma: jiwe, shafti, beringi, miguu ya mota au fremu. Jambo moja ni la lazima ukitumia draivu: iweke isimame kwa kuachia, yaani mota izunguke bure mpaka ichoke yenyewe. Draivu nyingi hushusha kasi hatua kwa hatua zinapoambiwa zisimame, na wakati huo umeme bado unaingia kwenye mota, kwa hiyo jibu utakalolipata litakuwa la uongo. Usichomoe kamwe waya kati ya draivu na mota wakati mashine inazunguka, kwani unaweza kuiua draivu.

Ule mtetemo uliozidi ghafla katikati ndio uliobadilisha fikra zangu zote. Kila fremu ina kasi yake inayoipenda, ambayo ikifikiwa hata kasoro ndogo hukuzwa ikawa kubwa. Mota inapounganishwa moja kwa moja na umeme wa hezi 50 (yaani mapigo 50 kwa sekunde; hezi zikipungua, kasi ya mota nayo hupungua), huipita kasi hiyo mbio wakati wa kuondoka, na mwenye mashine hahisi chochote zaidi ya mtikiso mfupi. Draivu inapoingia, sisi wenyewe ndio tunaochagua kasi, na mimi nilikuwa nimechagua kufanya kazi kwenye hezi 38, penye kasi ileile ambayo fremu yangu haiivumilii. Draivu haikuuleta mtetemo ule. Iliniwezesha tu kukaa mahali ambapo zamani mota ilikuwa ikipita bila kutua.

Nilianza na mawe. Niliyavua yote mawili, nikaiendesha mota tupu, na sehemu kubwa ya mtetemo ikaondoka. Nilipolishika jiwe la kushoto niliona rangi yake upande mmoja ilikuwa imekoza kuliko upande wa pili. Mvua za kusi zilikuwa zimeanza, na bati lililo juu ya grainda lilikuwa na tundu. Matone yalikuwa yakilidondokea jiwe usiku kucha likiwa limesimama, yakanywewa na kutuama upande wa chini. Jiwe la kunolea lina vitundu vingi, na maji hayo yanatosha kulifanya lipoteze usawa. Nililiacha likauke kabisa, nikalitundika kwenye kidole na kuligonga taratibu kwa mpini wa mbao ili nisikie kama linalia kwa sauti safi. Jiwe lenye ufa hutoa sauti iliyokufa, na mahali pake ni jalalani, hata kama ufa wenyewe huuoni. Nilisugua kutu kwenye flanji, yaani visahani vya chuma vinavyolibana jiwe, nikaweka karatasi mpya pande zote mbili za jiwe, kisha nikalichonga mpaka likazunguka bila kuyumba. Bati nililiziba siku hiyohiyo.

Mtetemo uliosalia ulitoka chini. Legeza bolti moja ya mguu huku mashine ikizunguka tupu, uone kama mtetemo unabadilika, kisha ikaze na uende kwenye nyingine. (Fanya hivyo mawe yakiwa yamevuliwa, na kwa kasi ndogo.) Kwangu, bolti ya tatu ilipolegezwa mashine ilitulia badala ya kuchachamaa, ishara kwamba mguu ule haukuwa umekaa sawasawa na kwamba kukaza bolti kulikuwa kunaipinda fremu nzima. Chini yake palikuwa na tabaka la kutu upande mmoja na uwazi wa karibu nusu milimita upande wa pili. Hapa Pwani hewa ya chumvi huvila vyuma mahali pasipoonekana. Niliikwangua kutu, nikaujaza uwazi kwa kipande cha bati la shaba nyeupe nilichokikata kwa kipimo. Usitumie karatasi ngumu iliyokunjwa, kwa maana itabonyea ndani ya mwezi mmoja.

Baada ya hapo ndipo nilipoirudia draivu, na huko pia palikuwa na kosa, ingawa ni kosa la mtetemo mwingine. Mashine ilikuwa ikinguruma na kupata joto kwenye kasi ndogo, karibu hezi 10, na mngurumo huo ulikatika mara umeme ulipokatwa. Draivu ilikuwa imetoka kiwandani ikiwa na kiwango cha msingi cha hezi 60, yaani hezi ambazo draivu huipa mota volti zake zote, ilhali kibao cha mota kiliandikwa hezi 50. Kwa hesabu hiyo, mota ya volti 230 hupata takriban volti 192 tu inapofika hezi 50, hivyo huwa dhaifu. Mimi, nilipoona udhaifu, niliongeza ile nyongeza ya volti ya kuondokea, na volti zilizozidi kwenye kasi ndogo ndizo zilizoleta mngurumo na joto. Niliandika hezi 50, nikaingiza ampea zilizo kwenye kibao cha mota, nikairudisha nyongeza ilipokuwa. Hakikisha pia kwamba mota ya volti 230 kwa 400 imefungwa kwa delta, kwani ikifungwa kwa nyota (delta na nyota ni namna mbili za kuunganisha koili za mota) kwenye draivu ya volti 230 itabaki na theluthi moja tu ya nguvu yake ya kuzungusha. Kabla ya kufungua kifuniko, zima umeme mkuu na usubiri muda ulioandikwa juu ya draivu, kwa kuwa kepasita zake, yaani vifaa vinavyohifadhi umeme ndani yake, hubaki na umeme wa kuua hata taa zikiwa zimezimika.

Kuna kishawishi ambacho draivu humletea kila fundi, nacho ni kupandisha juu ya hezi 50. Jiwe langu lina kipenyo cha milimita 200 na limeandikwa kikomo cha mita 35 kwa sekunde. Kwenye hezi 50, yaani mizunguko 2,850 kwa dakika, ukingo wake hukimbia karibu mita 30 kwa sekunde. Kwenye hezi 60 hupita 35. Jiwe likipasuka kwa kasi hiyo halimpi mtu nafasi ya kuruka, kwa hiyo nimefunga kikomo cha draivu kwenye hezi 50 na vijana wangu wote wanajua kwamba hakiguswi.

Mtetemo mdogo bado upo kati ya hezi 36 na 40. Draivu nyingi zina mpangilio wa kuruka kasi fulani, nami nimeuweka mahali hapo: ukizungusha kitufe, mashine hutoka 36 ikaenda moja kwa moja 40 bila kutua katikati. Visu vya wachinjaji tunavinoa kwenye 30, vyuma vya kukerezea kwenye 45, na kikombe cha chai sasa kinakaa mezani palepale kilipowekwa.