Mshindi kufunguliwa injini siyo uonevu

Umeuliza kwa nini kwenye mbio za pikipiki wafunguliwe injini washindi tu, kuona kama wameiongeza ukubwa, wakati aliyemaliza wa nne naye anashukiwa. Hapo uko sawa nusu bana. Wa kwanza mpaka wa tatu kukaguliwa ni kawaida, ndo wanaobeba zawadi, ila wangeongeza na mmoja wa kuokota kwa kura palepale, kila mtu angeogopa. Kwa macho huoni kitu, pistoni ya 57.3 mm na ya 62 mm ukishafunga heddi, yaani kile kifuniko cha juu cha injini, pikipiki ni ileile, lakini kama mwendo wa pistoni toka chini hadi juu ni 57.8 mm basi ya kwanza ni cc 149 na ya pili inakaribia 175, yaani jamaa yuko daraja lingine kabisa. Na kupima ni kutoa heddi tu uweke venia, kile kifaa cha kupimia milimita (gasketi mpya ya kufungia heddi nani analipa ndo ugomvi unapoanzia, mi naona anayelalamika aweke ada, ikikutwa kweli arudishiwe). Kinachoniudhi mimi ni fundi wa timu inayoshindana kuwa ndo huyohuyo mkaguzi. Hata apime vizuri vipi, nani atamwamini?