Re: Kwa nini tuchanganye rangi, jinsia na kipato?
Mkuu, umeuliza kwa nini ubaguzi wa rangi, jinsia na kipato usitazamwe kila mmoja peke yake. Angalia kesi ya Emma DeGraffenreid na wanawake weusi wenzake dhidi ya General Motors, kampuni ya kutengeneza magari, kule St. Louis, Marekani. Kabla ya 1964 kampuni ilikuwa haiajiri wanawake weusi. Uchumi ulipoyumba, walioingia mwisho wakapunguzwa kwanza: wanawake weusi walioajiriwa baada ya 1970 wakapoteza kazi wote. Mwaka 1976 mahakama ikawagomea. Ikasema: ubaguzi wa kijinsia haupo, wanawake waliajiriwa tangu zamani (weupe hao, ofisini!). Kuhusu rangi, wajiunge na kesi nyingine. Kuunganisha vyote viwili, hapana. Inauma sana: mtu wa kipato cha chini ameachishwa kazi, halafu anaambiwa hakubaguliwa. Kimberlé Crenshaw, msomi wa sheria wa Marekani, alipoichambua kesi hiyo mwaka 1989 alitoa mfano wa njia panda: ukisimama katikati, gari (yaani ubaguzi) laweza kukugonga kutoka upande wowote, au pande zote kwa pamoja.