Maswali na majibu: Wanafunzi wangu hawaoni maana ya kusoma Babeli na Misri ya kale

SWALI: Ninafundisha Historia katika shule ya sekondari ya kata wilayani Mbarali, mkoani Mbeya. Darasa langu lina wanafunzi zaidi ya sabini, vitabu ni vichache na projekta hatuna. Tukifika kwenye dunia ya kale wananakili, wanakariri, na mtihani ukipita hawakumbuki kitu. Mmoja wao aliniuliza, kwa heshima kabisa, mambo ya Babeli yanamhusu nini yeye. Nifundishe vipi, na je, nikibadili njia nitamaliza mada kwa wakati?

JIBU: Mwalimu, swali la mwanafunzi huyo ni la haki, na jibu lake linapaswa kutoka ndani ya kipindi chenyewe. Mimi ni mkufunzi wa walimu wa Historia, na katika vipindi vingi ninavyokagua huku Nyanda za Juu Kusini naona somo likianza na majina ya wafalme na tarehe, huku mambo yaliyowafanya watu wa kale wagombane, washtakiane na kuandikiana yakiachwa hadi mwisho au yasifikiwe kabisa. Nakushauri ugeuze mpangilio huo: mpe mwanafunzi shauri la kuamua kwanza, kisha ndipo umweleze lilitokea wapi na zama zipi.

Wewe uko mahali pazuri sana kwa kazi hiyo. Katika bonde la Usangu mtoto anajua banio, mfereji na majaruba kabla hajafika sekondari, na amewahi kuwasikia wakubwa wakizozana kuhusu zamu ya maji. Basi ingia darasani bila kutaja Babeli, uwaeleze kwamba mkulima mmoja alizembea kuimarisha tuta la mfereji wake, tuta likabomoka, maji yakasomba nafaka katika mashamba ya majirani. Wagawe katika makundi ya watu saba au wanane, waamue alipe nini, na afanywe nini iwapo hana cha kulipa. Kila kundi litoe hukumu pamoja na sababu zake.

Wakishabishana vya kutosha, wasomee hukumu iliyochongwa kwenye jiwe jeusi lenye urefu wa zaidi ya mita mbili kwa amri ya Hammurabi, aliyetawala Babeli kati ya mwaka 1792 na 1750 KK. Kifungu cha 53 kinamtaka mzembe huyo afidie nafaka iliyopotea, na kifungu cha 54 kinasema kwamba asipoweza, auzwe yeye pamoja na mali zake, na waliopata hasara wagawane fedha. Ongeza kifungu cha 48, ambacho kwa uzoefu wangu huwagusa zaidi watoto wa wakulima: mtu mwenye deni ambaye shamba lake limeharibiwa na mafuriko, au limekosa mavuno kwa ukame, halipi nafaka kwa mdai wake mwaka huo wala hatozwi riba. Mwanafunzi ambaye mzazi wake amewahi kukopa pembejeo hatahitaji kuelezwa kwa nini kifungu hicho kiliandikwa.

Hapo ndipo jiografia inapopata nafasi yake. Waulize kwa nini mfalme alijali matuta kiasi hicho. Kusini mwa Mesopotamia, ilikokuwa Babeli, mvua ilikuwa haba, kilimo kilitegemea mifereji iliyotoka mito ya Tigri na Frati, na mito hiyo ilifurika zaidi mwezi wa Aprili na Mei, wakati mazao yalipokuwa yanakaribia kuvunwa. Mto Nile ulifurika kati ya Julai na Oktoba, kisha maji yakapungua na Wamisri wakapanda kwenye tope lenye rutuba. Waachie wanafunzi walinganishe wenyewe ni wakulima wa nchi ipi waliohitaji zaidi matuta imara, na utaona hoja za utawala, kazi za umma na sheria zikitoka vinywani mwao, hoja zilezile ambazo ungewaandikia ubaoni.

Usiishie kwenye mfanano, kwa maana mwanafunzi anayeondoka akiamini kwamba Babeli ilikuwa Mbarali ya zamani amepotoshwa. Kifungu cha 196 kinaamuru anayempofusha mtu huru wa tabaka la juu naye apofushwe. Kifungu cha 198 kinamtoza faini ya fedha aliyempofusha mtu wa tabaka la chini. Na kifungu cha 199 kinamfidia bwana, si mtumwa mwenyewe, nusu ya thamani ya mtumwa aliyejeruhiwa. Hasira watakayoionyesha ni mwanzo wa kufikiri kihistoria, ikiwa utaifuatisha na swali gumu zaidi: tunajuaje kwamba sheria hizi zilitumika kweli? Kumbukumbu za mashauri ya zama hizo zilizoandikwa kwenye vibao vya udongo ni nadra kulitaja jiwe hilo, na wataalamu wanaendelea kujadili kama lilikuwa mwongozo wa mahakimu au tangazo la sifa za mfalme. Wanafunzi wako wanajua tofauti iliyopo kati ya sheria ndogo za jumuiya ya watumia maji na kinachofanyika kwenye mfereji, kwa hiyo mjadala huo hautawashinda.

Wakati wa majadiliano waruhusu watumie Kiswahili, hata kama mtihani wenu ni wa Kiingereza. Mtoto anayetafuta neno hawezi wakati huohuo kutafuta hoja. Hoja ikishakomaa, dakika kumi za mwisho zitumike kuiandika kwa Kiingereza.

Kwa tatizo la tarehe, toka nao nje. Hatua moja ya mtu mzima iwe miaka mia moja. Kifo cha Mkwawa, mwaka 1898, kitakuwa hatua moja na kidogo. Hammurabi atakuwa kwenye hatua ya 38 hivi. Piramidi kubwa ya Giza karibu hatua ya 46. Kisha waulize zana za mawe za Isimila, karibu na Iringa, ambazo kwa makadirio yaliyozoeleka zina miaka 260,000, zitakuwa wapi. Ni hatua 2,600, yaani zaidi ya kilomita mbili, nje kabisa ya eneo la shule.

Kuhusu muda, ni kweli kwamba shauri moja la namna hii hula vipindi viwili mfululizo, na huwezi kuifundisha kila mada hivyo. Chagua mashauri mawili kwa muhula na mada nyingine uzipitie kwa muhtasari. Kwa Misri, ningechagua mgomo wa mafundi waliochonga makaburi ya wafalme, walioacha kazi katika mwaka wa 29 wa utawala wa Ramesses III kwa sababu posho yao ya nafaka ilicheleweshwa; habari zake zimeandikwa kwenye mafunjo yaliyohifadhiwa Turin, Italia. Katika maswali ya insha, mwanafunzi aliyejadili mashauri mawili kwa kina anakuwa na ushahidi wa kutetea hoja, na hicho ndicho ninachokikosa katika majibu mengi ya kukariri.

Mkipata fedha za safari moja, wanafunzi wengi watapendekeza kimondo cha Mbozi, na kinafaa: ni chuma kilichotoka angani, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulithibitisha kwamba jambia la chuma la Tutankhamun, mfalme wa Misri ya kale, lilifuliwa kwa chuma cha kimondo. Hata hivyo mimi ningewapeleka Isimila, kando ya barabara kuu, takriban kilomita 20 kabla ya kufika Iringa mjini. Pale wataziona zana zenyewe zikiwa ardhini. Waelekeze mapema kwamba haziokotwi, na kila mmoja achore zana moja akieleza alama zinazoonyesha kwamba ilichongwa na mkono wa binadamu.