Nimeficha visu vyote, namwogopa mwanangu

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nina miaka 27, naishi Tanga, na nina binti wa miezi minne, uzao wangu wa kwanza. Arobaini haijaisha nilikuwa nakata kitunguu, yeye kalala kwenye mkeka pembeni yangu, mara likanijia wazo: “Na ukimchoma?” Nilikitupa kisu, nikatetemeka mpaka jirani akaniuliza kama nina homa. Tangu siku ile wazo halitoki. Visu vyote nimevipeleka kwa huyo jirani, nikamdanganya kwamba tunapaka rangi jikoni. Mbuzi ya nazi nimeifunga kwenye kiroba, iko juu ya kabati. Mchicha nanunua uliokwisha katwa, tui natumia la pakiti. Kumwogesha mtoto nimemwachia wifi. Usiku naamka mara tano, sita, kutazama kama anapumua. Nasema astaghfirullah mara 33, nikipoteza hesabu naanza upya. Mume wangu ni dereva wa lori. Nampigia akiwa njiani, namuuliza, “Unadhani naweza kumdhuru mtoto?” Anacheka, ananiambia hata kuku sijawahi kuchinja. Natulia nusu saa, kisha naanza tena. Mama mkwe anasema ni jini la uzazi, anataka twende kwa mganga. Shangazi, mimi ni mtu wa namna gani? Na nikimweleza daktari, si watanipokonya mtoto?
Mama Mwoga, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo lililokufunga mdomo. Daktari au muuguzi wa afya ya akili anayeijua kazi yake hampokonyi mama mtoto kwa sababu ya wazo ambalo mama mwenyewe analichukia na kulikimbia. Ameshalisikia kabla yako. Mama wengi wenye watoto wachanga hupitiwa na mawazo kama hayo: nikimwangusha, nikimlalia, nikimzamisha kwenye beseni. Hawayasemi, basi kila mmoja anadhani yuko peke yake.

Hofu yako ina jina. Hospitali wataandika kwenye faili herufi tatu, OCD. Kiswahili bado hakijakubaliana jina moja la kitaalamu, lakini tulilo nalo linatosha: wasiwasi. Siku hizi tunalitumia kwa lolote, nina wasiwasi basi litachelewa, nina wasiwasi na mtihani. Asili yake ni ile ya kwenye Surat an-Nas, kinong’ono kinachokuja, kikarudi, kikaja tena. Wazee wetu walipomwita mtu “ana wasiwasi” kwa maana ya anayeosha mguu ule ule mara kumi, ugonjwa waliuona vizuri kabisa.

Najua kwa sababu walisema hivyo juu yangu. Nilikuwa na miaka 16, Pangani, kwa bibi. Nikianza kutawadha adhuhuri, alasiri inaadhiniwa nami bado niko kwenye pipa na kata mkononi. Nikimaliza mguu wa kushoto naona wa kulia haukuenea maji. Nikirudia wa kulia, si nimevuruga mpangilio? Naanza upya. Ngozi katikati ya vidole vya miguu iligeuka nyeupe ikapasuka, bibi akawa ananipaka mafuta ya nazi usiku huku akinigombeza kuhusu maji, maana kisimani ni yeye aliyekuwa akiteka.

Aliyenisaidia ni ustadhi wa chuoni, mtu mkali, asiyejua lolote la saikolojia. Alinikumbusha kanuni ya fiqhi, kwamba yakini haiondoshwi na shaka, kisha akaniambia: “Tawadha mara moja. Shaka ikija, sali nayo.” Siku za mwanzo nilisali nikilia. Nilikuwa na hakika sala haipokelewi. Kama wiki tatu hivi baadaye nikajikuta nimemaliza rakaa nne bila kukumbuka miguu.

Miaka mingi baadaye, nikisomea unasihi, nikakutana na jambo lile lile kitabuni. Mwaka 1966 mwanasaikolojia wa London, Victor Meyer, alichapisha habari za wagonjwa wawili walioshindikana kwa tiba nyingine. Aliwaweka karibu na walichokiogopa, na wauguzi wakawazuia wasifanye yale matendo yao ya kujituliza. Wote wawili walipata nafuu kubwa. Tiba hiyo imeendelezwa tangu hapo, na mpaka leo ndiyo tiba ya mazungumzo inayotegemewa zaidi kwa maradhi haya: kukabili hofu na kujizuia. Nilicheka peke yangu darasani. Ustadhi angedai haki yake.

Sasa tazama jikoni kwako. Wazo lenyewe si ugonjwa. Mwaka 1978 Stanley Rachman na Padmal de Silva waliwauliza watu wasio na maradhi yoyote, wakakuta wengi wao hupata mawazo ya ajabu na ya kutisha yanayofanana na ya wagonjwa. Tofauti ni kwamba wao huyaacha yapite. Wewe lilipokujia, ulitupa kisu. Ubongo wako ukaelewa: kumbe palikuwa na hatari kweli, na tumeokoka kwa sababu kisu kilitupwa. Kesho ukatoa visu vyote, ukaelewa hivyo hivyo tena. Mbuzi juu ya kabati, wifi na beseni, simu kwa mume, hesabu ya 33, vyote hivyo ni chakula unachomletea yule yule unayetaka aondoke. Nusu saa ya utulivu ndiyo bei unayolipwa.

Kwenye tiba, mtaalamu hatakuambia ushike kisu siku ya kwanza. Mtakaa mwandike orodha, kuanzia kinachokutisha kidogo hadi kinachokutisha sana. Huenda chini kabisa ukaandika kutamka neno “kisu” ukiwa umempakata mtoto. Juu kidogo, kukata nyanya yeye akiwa chumbani. Juu zaidi, kumwogesha mwenyewe, wifi akiwa sokoni. Na huko kileleni, kukuna nazi umeikalia mbuzi, mtoto kwenye mkeka pale pale. Kila hatua unaifanya, hofu inapanda, na unakaa nayo: hupigi simu, huhesabu, hujiulizi “nimemfanya kitu?” Utaona moyo unaopiga kama ngoma unatulia wenyewe, au hautulii sana lakini mchuzi umeiva na mtoto yuko salama. Vikao mara nyingi huwa kati ya 12 na 20, na kazi kubwa inafanyika nyumbani. Si starehe. Nisikudanganye.

Dawa nazo zipo, kama sertraline na fluoxetine. Kwa ugonjwa huu huchukua wiki nyingi, hata 12, kabla hujaijua faida yake yote, kwa hiyo usiziache wiki ya pili ukisema hazifanyi kazi. Unanyonyesha, mwambie daktari hilo kwanza. Sertraline hupita kidogo sana kwenye maziwa na mara nyingi huchaguliwa kwa mama kama wewe, ila uamuzi ni wako na daktari, si wa duka la dawa.

Jambo moja nalitenga kwa sababu ni la haraka. Ukianza kusikia sauti zikikuamrisha, ukaamini kwamba mtoto si wako au kageuzwa, ukakosa usingizi siku mbili tatu na akili ikachanganyikiwa, au ukataka kujiua, huo ni ugonjwa mwingine na ni wa dharura. Siku hiyo hiyo mtu akupeleke hospitali, na mtoto abaki na mwingine. Katika barua yako sijaona dalili hizo, lakini mimi nasoma karatasi tu. Wao watakuona.

Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, uulizie kitengo cha afya ya akili. Ukipewa rufaa ya Muhimbili, nenda. Hata wakitaja Mirembe, ile hospitali ya afya ya akili ya Dodoma, usishtuke. Sisi ndio tuliolifanya jina hilo tusi la mtaani. Wataalamu wanaoijua tiba hii vizuri si wengi, kwa hiyo uliza bila aibu: “Tutafanya mazoezi ya kuikabili hofu, au tutaongea tu?” Wa kuongea tu ni mtu mwema, ila hatakutoa hapo.

Mumeo msomee sehemu hii. Shemeji yangu, kile kicheko chako na yule kuku vimetoka kwenye upendo, lakini vinamrudisha pale pale. Akipiga, mwambie, “Hilo ni swali la wasiwasi, mke wangu, silijibu. Leo mmekula nini?” Atakasirika. Usikate simu, endelea kuuliza habari za chakula.

Mama mkwe usigombane naye. Dua haina ubaya, na akitaka kukusomea akusomee. Lakini istighfari yako umeigeuza kuwa kata ya maji kama yangu ya Pangani. Ukisema astaghfirullah mara moja ukanyamaza, umesema. Pesa za mganga weka nauli ya kliniki.

Kisu kwa jirani kiache kwanza, kitaingia kwenye orodha. Na kama ukifika mbele ya muuguzi ulimi ukagoma, usihangaike kutafuta maneno. Umeshayaandika. Mpe hii barua uliyonitumia mimi, aisome mwenyewe.