Maua ya nyumba ya kukodisha: yapime kwa Februari

Mwaka wa kwanza nilipoanza kukodisha nyumba yetu ya Diani, nilibeba miche kumi na miwili ya waridi kutoka Nairobi. Niliipanga kwenye buti kama trei ya mayai, nikaendesha gari zaidi ya kilomita 500 nikisimama njiani kuinyunyizia maji, na tulipopanda feri ya Likoni nikafungua buti ipate hewa. Ilikuwa Novemba. Mvua za vuli zilikuwa zimenyesha, majani yote yanameremeta, nami nikajiona fundi. Kufikia mwisho wa Februari kulikuwa na vijiti kumi na viwili vimesimama mchangani, na mgeni mmoja alikuwa ameandika kwamba nyumba ni safi, kitanda kizuri, lakini bustani inatia huzuni.

Mzee anayenitunzia nyumba, Mdigo wa huko huko, hakusema kitu siku ile ninapanda. Nilipomuuliza Februari akacheka. "Mwanangu, hayo maua yalikuwa kama wageni wako. Yamekuja, yamelala, yameondoka." Nikamwuliza mbona hakunionya. "Hukuniuliza."

Bustani ya nyumba ya wageni si bustani ya nyumbani. Nyumbani unatoka na kikombe cha chai jioni, unaona jani limeanza kujikunja, unamwagia maji uliyosuuzia mchele. Nyumba ya kukodisha hukaa tupu wiki tatu mwezi wa Mei, halafu Krismasi inapokea watu kumi kwa mpigo, wenye watoto na mipira. Maji ni ya kisima, na kisima cha pwani kina chumvi kidogo hata ukiambiwa maji yake ni matamu. Chini ya mchanga wa shubiri moja kuna jiwe la matumbawe. Na mwenye nyumba, yaani mimi, yuko Nairobi. Kwa hiyo siku hizi muuzaji wa miche akinionyesha ua linalong'aa, namwuliza swali moja tu: mwezi wa pili linakuwaje?

Njia bora zaidi niliyoipata ya kuchagua haikutoka kwenye kitalu chochote. Februari, jua la utosini, nilitembea kwa miguu kando ya barabara ya ufukweni nikichungulia nyumba zilizofungwa, zile ambazo mageti yameota kutu na hakuna anayemwagilia. Chochote kilichokuwa na ua mle ndani nilikipiga picha. Orodha yangu yote ilitoka kwenye simu ile.

Ya kwanza, bila kushangaza mtu, ilikuwa bogenvilia. Najua wengine mmeichoka, iko kila ukuta kuanzia Lamu hadi Mtwara. Lakini hakuna mmea mwingine ninaoujua unaochanua zaidi ukinyimwa maji. Nilijifunza hili kwa kukosea. Ile iliyo karibu na tangi linalovuja ilikuwa majani matupu, kijani kibichi kama mchicha, ilhali ile ya getini isiyopata tone ilikuwa imewaka zambarau. Ile rangi kwa kweli si ua. Ni vijani vilivyobadilika rangi. Ua lenyewe ni kile kidude cheupe cha katikati, na vijani hivyo hudumu wiki nyingi kuliko petali ya kawaida. Kwa mwenye nyumba ya wageni hii ni baraka, kwa sababu kiangazi cha Desemba hadi Machi ndicho msimu wetu wa wageni. Mimi huagiza ipogolewe mwishoni mwa Septemba, kwa ukali, mpaka majirani wanahurumia. Huchipua upya, na machipukizi hayo ndiyo yanayobeba rangi ya Krismasi.

Ila usiipande karibu na bwawa la kuogelea. Ina miba ya kutoboa boya la mtoto, na upepo ukivuma vile vijani vinaingia majini kwa maelfu na kuziba chujio. Mahali pake ni getini na kwenye ukuta wa nyuma, ambako miba inakusaidia kazi ya ulinzi.

Kando ya bwawa nina mifranjipani mitatu. Ua lake likidondoka majini unaliokota kwa mkono, tena wageni wanapenda kulipiga picha likielea. Mche hununui, unaomba tawi kwa jirani, unaliacha kivulini wiki nzima au zaidi mpaka jeraha likauke, ndipo unalichomeka ardhini. Ukilipanda likiwa bichi linaoza. Lina utomvu mweupe unaowasha ngozi, kwa hiyo kata ukiwa na glavu. Tatizo moja: kiangazi mti hupukutisha majani ukabaki matawi manene kama vidole vilivyovimba. Mara mbili wageni wamenipigia simu kunipa pole kwamba miti yangu imekufa. Siku hizi nimeandika mstari mmoja kwenye karatasi ya maelezo ya nyumba, baina ya neno la siri la intaneti na jinsi ya kuwasha jiko: miti iliyo uchi kando ya bwawa ni mizima, imepumzika.

Vinka, zile za maua ya pinki na meupe zinazoota hata kwenye nyufa za saruji, zinajipanda zenyewe, wala sina la kuongeza. Asili yake ni Madagaska, na ndizo zilizowapa madaktari dawa mbili za saratani, vinblastini na vinkristini. Lakini mmea wenyewe ukiliwa ni sumu, kwa hiyo mgeni asije akauchemsha akidhani ni tiba.

Nikigusa sumu, niseme la oleanda. Inastahimili chumvi, upepo na ukame, na kwenye zile nyumba zilizofungwa ilikuwa imechanua vizuri kuliko zote. Hata hivyo sikuipanda. Kila sehemu yake ni sumu, jani, ua na kijiti, na nyumba ya wageni hupokea watoto wasiokujua na wasioijua bustani yako. Waridi la jangwani nalo lina utomvu ambao wawindaji wa zamani waliupaka mishale, ila hilo ninalo, kwenye vyungu vizito juu ya ukuta wa baraza ambako mtoto hafiki. Shina lake limefura kama chupa kwa sababu linahifadhi maji humo, na ukilimwagilia kila siku unaliua. Hili ndilo ua linalomfaa mwenye nyumba asiyekuwepo.

Hibiskasi nilizipanda saba na nimebaki na mbili. Anayezila ni kima. Wanashuka asubuhi, wanachuma ua moja moja kwa adabu kama watu walio kwenye bufee, na ifikapo saa tatu kichaka kimenyolewa. Mbega, wale weusi wenye manyoya meupe mabegani, wanapenda zaidi majani. Sijaweka wavu wala sijamruhusu mzee kuwarushia mawe. Diani ni kwao kabla haijawa kwetu, ndiyo maana watu wa shirika la Colobus Conservation wamefunga madaraja ya kamba juu ya barabara ili wavuke wasigongwe na magari. Nilichofanya ni kuacha kupanda wanachokipenda. Wageni nimewaomba wasiwape ndizi, maana tumbili aliyezoea ndizi ya mkononi kesho yuko jikoni.

Iksora nazo zilinishinda kwa sababu nyingine. Ziligeuka njano, mishipa ya jani ikabaki kijani, nikadhani ni ugonjwa. Kumbe matumbawe ni chokaa, na kwenye udongo wa chokaa mmea ule unashindwa kufyonza madini ya chuma hata kama yapo. Unaweza kulisha dawa kila mwezi. Mimi sina huo muda, niliing'oa.

Kosa lililonigharimu zaidi lilikuwa upande wa baharini. Kulikuwa na mlakasa, ule mtambaa wenye majani kama kwato za mbuzi na maua ya zambarau yanayofunguka asubuhi na kunywea mchana. Niliuona magugu. Niliagiza ung'olewe wote ili ufuo uonekane "safi". Kusi ilipoanza kuvuma, mchanga uliokuwa umeshikwa na mizizi ile ukaanza kuhama, na ngazi yetu ya mwisho ikabaki inaning'inia hewani. Mlakasa umerudi wenyewe sasa kutoka kwa jirani ambaye hakuwa na bidii kama yangu. Hauhitaji maji, mbolea wala mtu. Kazi yangu ni kutougusa.

Kuhusu kupanda kwenyewe. Waridi zangu hazikufa kwa kuwa waridi peke yake. Nilizipanda Novemba, vuli ikaisha, na jua likazikuta bado hazijashika ardhi. Siku hizi kila kitu kinaingia ardhini mwanzoni mwa Aprili, masika yanapogonga mlango, ili mizizi ipate miezi miwili au mitatu ya mvua ya bure. Mashimo tunachimba kwa mtaimbo, jembe halifui dafu kwenye jiwe lile. Nusu mita kwenda chini, makumbi ya nazi yanatangulia, halafu udongo mwekundu uliochanganywa na samadi ya mbuzi. Makumbi ni elimu ya mzee, si yangu. Yanashika maji kama sponji, na mche unayanyonya taratibu. Juu tunatandaza makuti yaliyochakaa kutoka kwenye paa.

Vyungu visiwe na visahani chini. Maji yanayotuama mle ndimo anamozaa mbu wa dengue, na mgeni aliyeumwa na mbu mchana hakumbuki rangi ya maua yako.

Nimejiruhusu deko moja tu, nayo ni harufu. Mpwani hajali sana ua linaonekanaje, anauliza linanukiaje. Chini ya dirisha la chumba kikubwa kuna asmini mbili na kichaka cha mrehani, vyote vinapenda maji, na maji yenyewe yanatoka kwenye bomba la kiyoyozi. Yale matone hayana chumvi hata chembe, ni bora kuliko kisima. Hesabu yangu ilikuwa na tundu, kwani kiyoyozi hufanya kazi mgeni akiwepo. Nyumba ikiwa tupu mzee huimwagia mimea hiyo ndoo moja mara mbili kwa wiki, na posho ya kazi hiyo namlipa kando, haimo kwenye mshahara wa ulinzi. Kabla ya hapo alikuwa akiifanya kwa hisani, na hisani huisha.

Wageni kutoka Ulaya huniandikia kuuliza ile ni manukato gani. Wa Mombasa hawaulizi. Kuna mama mmoja alikuja na binti zake wikendi, magharibi akamwita mzee: "Baba, naomba nichume asmini." Mzee akamjibu, "Chuma mwanangu, ndiyo kazi yake." Walikaa barazani wakitunga vitumba ambavyo havijafunguka, na usiku vikafunguka vikiwa kwenye nywele zao. Wamerudi mara tatu tangu hapo.

Kivulini mwa mkwaju nilipanda pia mkilua. Ni mmea wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, na ni wetu kiasi kwamba wataalamu wa mimea walipoupa jina la kisayansi walichukua Kiswahili kama kilivyo, Mkilua. Kwa kasi yake haufai kwenye makala hii hata kidogo. Ni mwaka wa tatu sasa na haujatoa kilua hata kimoja. Mzee anadai nimeuchosha kwa kuupiga picha kila nikishuka. Wiki iliyopita alinitumia ujumbe wa sauti kwamba ameona kitu kama kitumba kwenye tawi la chini, ila hana hakika, huenda ni jani, nisikate tiketi ya treni bado.